Kaseti Moja Iliyobaki: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Vyuo Vikuu Vyetu

Kwa Makamu Wakuu wa Vyuo Vikuu nchini Tanzania, Wenyeviti wa Mabaraza ya Vyuo, na viongozi wa Tume ya Vyuo Vikuu,

Waheshimiwa, salaam.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari mkoani Singida. Ninafundisha tangu mwaka 2004. Nawaandikia kwa sababu ndani ya sanduku langu la bati, chini ya vitenge, kuna kaseti ya dakika 90 ambayo si mali yangu. Niliiazima kwa profesa wangu mwaka 2002, nikahitimu mwaka uliofuata, nikapangiwa kazi mbali, na sikuirudisha. Sasa nataka kuirudisha na sijui niipeleke wapi. Naomba mnivumilie niwaeleze ilivyokuwa.

Profesa huyo alitufundisha fasihi simulizi. Nilimwomba ruhusa ya kumtaja jina akakataa. Alisema barua ikiwa ya kumsifu yeye basi nisiiandike. Chuo nacho sikitaji. Niliyoyaona pale nimeyasikia kwa wenzangu waliosoma kwingine, na kukitaja kimoja ni kuwapa wengine nafasi ya kupumua.

Walimu wengi walisahihisha kwa kalamu nyekundu. Yeye alitumia penseli. Wiki ya kwanza kabisa alitueleza sababu: aliyoandika pembeni mwa kazi zetu ni maoni yake, na mwanafunzi akiona mwalimu amekosea, achukue kifutio, afute, kisha aje ofisini amweleze kwa nini amefuta. Tulidhani ni maneno ya kutukaribisha tu. Muhula wa pili mwenzetu mmoja alifuta kweli, akaenda. Walibishana saa nzima, na mlango ulikuwa wazi tukasikia. Mwisho profesa akasema, "Ndugu, umenishinda hapo." Alituita sote ndugu, wasichana kwa wavulana, kama watu wa enzi za Azimio la Arusha walivyoitana.

Mimi nilitoka shule ambayo kufaulu kulikuwa kukariri. Insha yangu ya kwanza chuoni niliichota kwenye madesa, yaani noti za kurithishana, za watu wa mwaka wa tatu, karibu neno kwa neno. Ilirudi haina alama. Chini kabisa, kwa penseli, aliandika: "Hii ni sauti ya desa. Yako nitaisikia lini?" Nililia usiku ule bwenini. Sikuwahi kuulizwa swali hilo na mtu yeyote, tangu darasa la kwanza.

Insha ya pili niliandika kuhusu nyimbo za kubembeleza watoto ambazo bibi yangu alituimbia kwa Kinyaturu. Nilikuwa na hofu kwamba ni mambo ya kijijini, hayafai chuo kikuu. Ilirudi na kurasa tatu za penseli. Aliuliza nyimbo zile ziliimbwa saa ngapi, za asubuhi zilitofautianaje na za usiku, bibi alifundishwa na nani. Na sentensi moja aliipigia mstari mara mbili: "Mbona humtaji aliyekuimbia?" Nilikuwa nimeandika "wimbo wa Wanyaturu", kana kwamba kabila lina mdomo. Tangu siku ile, simulizi yoyote ninayoiandika ina jina la aliyesimulia, kijiji chake na tarehe. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu nao wanafanya hivyo, na wengi ndiyo mara ya kwanza jina la bibi yao linaandikwa mahali nje ya daftari la zahanati.

Kaseti zake aliziandika lebo kwa utaratibu huohuo. Likizo moja nilimsaidia kuzipanga, nikazihesabu: zilizidi 60. Alianza kuzikusanya miaka ya 1970, kwa nauli yake mwenyewe, kwa mabasi na kwa miguu. Hii niliyo nayo ina ngano aliyoisimulia bibi mmoja wa Ugweno, juu milimani wilayani Mwanga, mwaka 1983. Anasimulia kwa Kigweno na mara nyingine anaruka kwenye Kiswahili. Waheshimiwa, Kigweno ni lugha ya watu wachache na wanazidi kupungua. Ndani ya kaseti unasikia mvua juu ya bati, mtoto akilia, mtu akifungua mlango. Bibi anasita, na sauti ya kijana, sauti ya profesa wangu kabla hajawa profesa, inasema, "Endelea, bibi, ninakusikia."

Mwaka 2019, yeye akiwa amestaafu, nilikwenda chuoni kuomba nakala za zile nyingine kwa ajili ya wanafunzi wangu. Karani alinipokea vizuri sana. Aliniambia ofisi ile ilikarabatiwa na vitu vya wastaafu vilitolewa. Vilipelekwa wapi? Hakuwa na uhakika. Tulikwenda pamoja stoo: viti vilivyovunjika miguu, kompyuta za zamani, mafurushi ya karatasi za majibu ya mitihani. Kaseti hazikuwepo. Mhudumu mmoja akasema anakumbuka maboksi yaliyochomwa siku moja na mitihani iliyopita muda wake. Tulisimama pale mlangoni, na karani akaniomba radhi kwa jambo ambalo si yeye aliyelifanya.

Naamini hakuna aliyefanya kwa ubaya. Aliyetoa maboksi alitumwa kusafisha, akasafisha. Tatizo ni kwamba hapakuwa na karatasi hata moja iliyosema zile kaseti ni mali ya chuo, au ya profesa, au ya wale bibi na babu waliosimulia. Kiti kina namba ya mali ya chuo mgongoni. Kaseti ya Ugweno haikuwa na namba.

Wapo watakaosema profesa hukumbukwa kwa vitabu vyake, na vitabu viko maktaba. Nawaomba wamfikirie Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana. Alifika Mlimani, chuo kikuu cha Dar es Salaam, mara ya kwanza mwaka 1966, akarudi mwaka 1969 na kukaa mpaka 1974. Kitabu chake kilichosomwa dunia nzima, How Europe Underdeveloped Africa, kilitoka mwaka 1972, London na Dar es Salaam kwa pamoja. Hilo linajulikana. Lisilojulikana sana ni kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1970 alitoa pia, kwa wanafunzi wa Dar es Salaam, mihadhara kuhusu mapinduzi ya Urusi. Tarehe 13 Juni 1980 aliuawa kwa bomu mjini Georgetown, Guyana, akiwa na umri wa miaka 38. Mihadhara ile ilichapishwa kuwa kitabu mwaka 2018. Iliwezekana kwa sababu familia yake ilizishika karatasi zake, kisha ikazikabidhi kwa maktaba ya vyuo vya Atlanta, Marekani, ambako zinatunzwa. Nafurahi kwamba ziko salama. Lakini nikimfikiria kijana wa Newala au wa Tabora anayetamani kuona maandalio ya somo lililofundishwa Dar es Salaam, na kwamba safari yake ni ya kuvuka Atlantiki, moyo unaniuma.

Wanafunzi wa wakati ule ndio waliookoa mengine. Karim Hirji alikuwa mwanafunzi wa hisabati Mlimani na mmoja wa wahariri wa Cheche, jarida la wanafunzi lililopigwa marufuku mwaka 1970. Takriban miaka 40 baadaye, akiwa mwenyewe profesa wa takwimu za tiba, alikusanya kumbukumbu zake na za wenzake zikawa kitabu. Bila kazi ile tungebaki na jina la jarida na tarehe ya kufungiwa. Vipi kuhusu madarasa ambayo hayakupata mtu kama yeye?

Profesa Euphrase Kezilahabi, mwandishi aliyetunga mashairi yasiyofuata vina na mizani, alipofariki Januari 2020, kundi letu la WhatsApp la walimu wa Kiswahili halikulala siku mbili. Humo wamo wazee waliofundishwa naye kabla hajahamia Botswana. Mmoja, mwalimu mstaafu, aliandika ujumbe mrefu kuhusu kuwa mwanafunzi wa fasihi wakati nchi nzima inabishana kama shairi lisilo na vina wala mizani ni shairi, na namna ubishi huo ulivyoingia darasani, ukatoka nao kwenda kula, ukarudi nao bwenini. Nilisoma ule ujumbe mara tatu. Mwaka uliofuata simu yangu ilikufa, na ujumbe ukafa nayo. Mzee yule naye hatunaye tena.

Ndivyo tunavyokumbuka walimu wetu siku hizi: kwa jumbe za rambirambi, wakiwa hawawezi kuzisoma. Seithy Chachage, mwanasosholojia aliyeandika riwaya kwa Kiswahili na kuiongoza jumuiya ya wanataaluma Mlimani, alifariki Julai 2006. Haroub Othman, wa Taaluma za Maendeleo, mwanzilishi wa kituo cha huduma za sheria Zanzibar, akafuata Juni 2009. Maandishi yao yapo. Lakini jinsi walivyomjibu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyeuliza swali huku akitetemeka nyuma ya ukumbi, hiyo iko vichwani mwa waliokuwepo tu, na waliokuwepo wenyewe wameanza kuota mvi.

Kuna taaluma nyingine ambazo kitabu hakiwezi kuzibeba hata kikiwepo. Maprofesa Penina Mlama na Amandina Lihamba walitoka na sanaa za maonyesho kwenye kumbi za chuo wakazipeleka kijijini Malya, mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ili wanakijiji waigize matatizo yao wenyewe na kuyajadili. Mwaka 1996 njia hiyo ikaingia sekondari kwa jina la Tuseme, wasichana waseme yanayowazuia kusoma. Shuleni kwangu klabu ya Tuseme inakutana kila Alhamisi. Mwaka jana binti mmoja aliigiza mjomba anayepanga kumwoza. Kila mtu ukumbini, mpaka mpishi, alielewa kuwa haikuwa igizo. Tuliingilia kati, na leo yuko kidato cha nne. Mbinu ile niliipata kwa mwalimu mwenzangu, naye aliipata kwa mwalimu wake chuoni, na huyo aliipata kwa kutenda, akiwa na vumbi la kijiji miguuni. Nimetafuta picha au sauti ya masomo hayo ya mwanzo niwaonyeshe wasichana wangu, nikapata makala za kitaaluma za Kiingereza, ambazo hawawezi kuzisoma.

Nisifiche upande mwingine. Si kila profesa alikuwa mlezi. Wapo waliosoma madesa yaleyale, kwa sauti ileile, miaka 15. Wapo waliomwita msichana ofisini jioni na kuzungumzia alama zake mlango ukiwa umefungwa; dada zetu waliondoka chuoni bila shahada, wengine na shahada na jeraha. Rushwa ya ngono imetajwa kwenye kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na bado wanafunzi wananong'ona badala ya kushtaki. Ninaposema walimu wetu wakumbukwe, sisemi wapakwe mafuta. Wanafunzi waulizwe wote, na wanayosema yaandikwe jinsi walivyosema. Profesa wangu angekuwa wa kwanza kutaka hivyo, na penseli yake mkononi.

Sasa ombi langu kwenu.

Mwalimu anapostaafu tunamfanyia hafla. Kuna kwaya, kuna jokofu au kochi, kuna picha kwenye fremu, kuna hotuba mbili tatu. Wiki inayofuata anarudisha ufunguo. Naomba kati ya hafla na ufunguo kuwe na siku chache ambazo mtu wa maktaba anakaa ofisini na mstaafu mwenyewe, au na familia yake kama ametangulia, na mmoja wa wanafunzi wake wa zamani, wafungue kila boksi. Hiki cha nyumbani, hiki cha kutupa, hiki cha kubaki. Kanuni iandikwe na Baraza liipitishe: hakuna ofisi ya mstaafu inayosafishwa kabla orodha haijasainiwa. Hakuna bajeti kubwa hapo. Ni karatasi, kalamu na uvumilivu.

Na kile cha kubaki kipate kwao. Kiswahili kina neno zuri la mahali hapo: kavazi. Kavazi la Mwalimu Nyerere, chini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia, limeonyesha kwamba jambo hili linawezekana hapahapa, kwa watu wetu. Maktaba ya Mlimani imetunza kwa miongo kadhaa miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, iliyokusanywa miaka ya 1960. Tenzi za watu wa pwani ambazo zingekuwa zimeliwa na mchwa. Mwaka 2018 chuo hichohicho kilifungua maktaba mpya yenye nafasi ya vitabu 800,000. Ujuzi tunao, na nafasi kwa baadhi ya vyuo ipo. Kila chuo kiwe na chumba kimoja cha walimu wake: maandalio ya masomo, barua, picha, kaseti. Kisha mtuite sisi tuliosoma kwao. Madaftari yetu bado yapo. Mimi nina manne ya fasihi simulizi, na najua mwenzangu wa Songea mwenye saba. Hatujawahi kuulizwa.

Kaseti haziwezi kusubiri. Utepe wake unachakaa hata ukiwa umefungiwa kabatini, na mashine za kuzisomea zinazidi kuadimika. Singida mjini nimepata fundi mmoja tu. Walio hai nao warekodiwe sasa, wakiulizwa na wanafunzi wao wa zamani, kwa sababu ni sisi tunaojua cha kuuliza. Simu inatosha kuanzia.

Tume ya Vyuo Vikuu, mnapokagua chuo mnaangalia walimu wangapi, vitabu vingapi, majengo gani. Ongezeni swali moja kwenye fomu: waliofundisha hapa miaka 30 iliyopita, kazi zao ziko wapi? Mkilitaka jibu kwa maandishi, stoo zitafunguliwa mwezi huohuo. Nalisema nikijua jinsi sisi walimu tunavyokimbizana na faili mkaguzi anapotajwa.

Ninajua pia kwamba wahadhiri wa leo wana kumbi za mamia ya wanafunzi, na kwamba wanapanda vyeo kwa makala walizochapisha. Hakuna anayeweza kuandika kurasa tatu za penseli kwa watu 600. Siwalaumu. Lakini mhadhiri kijana akiona chuo kinahifadhi andalio la somo kwa heshima ileile kinayoipa makala, atajua kwamba kufundisha nako ni kazi inayohesabiwa. Kwa sasa hana sababu ya kuamini hivyo.

Mwezi Juni mwaka huu nilimpelekea fundi yule redio ya kaseti ya marehemu baba, akabadilisha mkanda, ikazunguka. Niliifunga kwenye kitenge nikapanda basi mpaka Arusha, kisha Mwanga, kisha gari la kupanda Usangi. Profesa ana miaka 82. Nilimkuta barazani akimenya maharage na mama. Nilimwamkia, akaniangalia sana, akasema, "Wewe ndiye wa sauti ya desa." Miaka 25 imepita.

Nilibonyeza. Mvua ya mwaka 1983 ikaanza kunyesha barazani pale. Aliposikia sauti yake mwenyewe hakusema neno, ila aliniomba nirudishe nyuma, mara tatu. Mama aliacha maharage. Ngano ile inakatika katikati kwa sababu utepe uliisha, na mimi kwa miaka yote nimekuwa nikiwasimulia wanafunzi wangu hadithi isiyo na mwisho. Kaseti ilipokwama profesa aliendelea pale pale, kwa Kigweno, kisha akanitafsiria. Alimkumbuka bibi alivyoinua mkono. Niliwasha simu nikarekodi dakika 11, na katikati alipumzika mara mbili kunywa maji.

Kisha akauliza, "Nyingine ziko wapi?"

Nilimwambia ukweli. Alikaa kimya, akaangalia migomba. Mama akaenda kuweka chai. Baada ya muda akasema, "Basi hiyo moja ipate pa kukaa."

Kwa hiyo nauliza, waheshimiwa: niilete mlango upi, na atakayeipokea ni nani? Likizo ya Desemba nitakuwa na nafasi, na nauli nimeanza kuiweka. Nitaleta na zile dakika 11. Nitaomba stakabadhi, na iandikwe jina la bibi wa Ugweno, kijiji chake na tarehe aliyosimulia.

Wenu,
Mwalimu wa Kiswahili,
Singida